Rekodi ya sampuli: miundo minne ya kupima utendaji wa kerneli, na upi umfae nani

Kihesabio cha kichakataji kinajaa, kikatizo kinapiga, na kazi yote iliyokuwa ikiendelea inasimama ili wewe uandike jambo moja: nimekuta nini, wapi, saa ngapi. Kila kukatiza namna hiyo ni sampuli, na unachoandika ni rekodi yake. Ukichukua muda mrefu kuandika, unaanza kupima uzito wako mwenyewe. Ukiandika kidogo mno, jioni unafungua faili na kugundua kwamba swali lililokuleta halina jibu humo.

Hapo ndipo wengi wanaojenga au kukarabati vipima utendaji hukwama. Miundo ya rekodi ni mingi, ila ukiikung'uta inabaki familia nne: rekodi ya upana mmoja, rekodi ya kuchagua sehemu, rekodi ya tofauti, na njia ya kutoandika rekodi kabisa, yaani kuhesabu palepale ndani ya kerneli, moyo wa mfumo endeshi. Nimewahi kufanya kazi na zote nne, na kila moja imenifaa na kunitesa kwa zamu yake.

Tutapima kwa nini?

Kigezo cha kwanza ni muda ndani ya kikatizo. Mara nyingi sampuli huchukuliwa ndani ya kikatizo kisichozuilika, NMI. Humo huwezi kusubiri kufuli, kwa sababu aliyelishika huenda ndiye uliyemkatiza. Huwezi kuomba kumbukumbu mpya, wala kugusa ukurasa wa programu usiokuwamo kwenye RAM ukitumaini kwamba utaletwa. Kila hatua lazima iwe na mwisho unaojulikana.

Cha pili ni baiti kwa kila sampuli. Tuchukue mashine yenye viini 64 vya kichakataji, sampuli 99 kwa sekunde kwa kila kiini. Watu hupenda 99 badala ya 100 ili sampuli zisiende mguu kwa mguu na kazi zinazoamka kila milisekunde 10. Hizo ni sampuli 6,336 kwa sekunde. Rekodi ikiwa ya baiti 40, unaandika takriban KB 253 kwa sekunde, kitu kidogo. Iache usiku na mchana, utakuta karibu GB 22.

Cha tatu, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni kinachotokea rekodi inapopotea. Itapotea tu. Bafa, eneo la kumbukumbu linaloshika rekodi hadi zisomwe, hujaa kwa sababu msomaji wake amecheleweshwa na mzigo uleule unaoupima, kwa hiyo hasara huja wakati mbaya kabisa. Ninachotaka kujua ni kama rekodi ikianguka inaanguka peke yake au inaburuta wenzake.

Cha nne ni maswali ya kesho: baada ya kukusanya, unaweza kuuliza mambo ambayo hukuyafikiria mwanzoni? Cha tano ni kubadilika kwa muundo, maana sehemu mpya itahitajika siku moja na mafaili ya zamani bado yatatakiwa kusomwa.

Mawili hayategemei muundo wowote, kwa hiyo niyamalize hapa. Usiweke ndani ya sampuli kitu kinachoweza kuandikwa mara moja. Kama kila kiini kina bafa lake, namba ya kiini ikae kwenye kichwa cha bafa. Majina ya funksheni nayo hayana kazi ndani ya kikatizo: andika anwani, jina litatafutwa baadaye kwa utulivu. Hili la kwanza linazaa la pili. Anwani tupu haina maana mpaka ujue ni maktaba ipi iliyopachikwa wapi, ndiyo maana perf, kipima utendaji cha Linux, huandika rekodi za pembeni kila programu inapopachika faili la msimbo kwenye kumbukumbu yake. Rekodi hizo ni chache, ila moja ikipotea, sampuli zote za maktaba hiyo zinabaki namba zisizo na mwenyewe. Zitengee nafasi yake.

1. Rekodi ya upana mmoja

Kila sampuli ina sehemu zilezile, kwa mpangilio uleule, kwa baiti zilezile. Mpangilio ninaoupenda ni wa baiti 32: anwani ya agizo 8, muda 8, namba ya mchakato 4, namba ya uzi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya mchakato) 4, namba ya staki (msururu wa funksheni zilizoitana) 4, na baiti 4 za mwisho kwa aina ya tukio, hali ya kichakataji na akiba ya baadaye. Mstari wa kashe, kipande ambacho kumbukumbu ya haraka ya kichakataji hubeba kwa mkupuo, ni baiti 64 kwenye vichakataji vingi, hivyo rekodi mbili zinalala humo bila yoyote kukatika katikati, na ukurasa wa baiti 4,096 unabeba 128 kamili.

*Muda ndani ya kikatizo.* Hapa muundo huu hauna mshindani kati ya zile zinazoandika rekodi. Nafasi inayofuata unaipata kwa kuzidisha tu. Unaandika maneno manne ya baiti 8, unaweka kizuizi cha mpangilio wa kumbukumbu ili yaonekane kwanza, kisha unasogeza alama ya nafasi ya kuandika. Hakuna rekodi inayopinda mwishoni mwa bafa na kuendelea mwanzoni, hivyo msomaji hana vipande vya kuunga.

*Baiti.* Zinatabirika. Bafa la MB 1 linabeba sampuli 32,768, na unalijua hilo kabla hujaanza. Ubaya ni kwamba sehemu usiyoihitaji leo unailipia pia.

*Rekodi ikipotea.* Inakwenda peke yake. Faili likiharibika katikati, ruka hadi kizidisho kinachofuata cha 32 uendelee kusoma kama hakuna kilichotokea.

*Maswali ya kesho.* Staki ndiyo inayobana. Msururu wa miito hauna urefu mmoja, na muundo huu unataka urefu mmoja. Ukikata fremu za nje (fremu ni wito mmoja ndani ya staki), mti wa miito unapoteza shina na funksheni moja inaonekana kama matawi kumi yasiyohusiana. Ukikata za ndani, umepoteza hasa mahali palipokuwa pakiungua. Njia ya heshima ni kuweka staki kwenye jedwali la pembeni na kuandika namba yake tu, ila sasa una jedwali la kulinda ndani ya NMI, na wepesi uliokuvuta umepungua.

*Muundo ukibadilika.* Unauma. Weka namba ya toleo na ukubwa wa rekodi kwenye kichwa cha faili tangu siku ya kwanza, na zile baiti za akiba ziandikwe sifuri kwa lazima. Akiba yenye takataka si akiba.

*Anayefaidika.* Mwenye kerneli ndogo au mfumo wa wakati halisi, ambaye swali lake ni "muda unaishia kwenye funksheni gani" na hana haja ya kujua nani aliyeiita.

2. Rekodi ya kuchagua sehemu

Hii ndiyo njia ya perf, iliyoingia Linux toleo 2.6.31 mwaka 2009. Kila rekodi inaanza na kichwa cha baiti 8: aina baiti 4, alama mbalimbali baiti 2, ukubwa baiti 2. Zinazofuata ni sehemu ulizoomba mwenyewe kwa kuwasha biti kwenye barakoa, yaani namba ambayo kila biti yake huomba sehemu moja: anwani, mchakato na uzi, muda, kiini, msururu wa miito na nyinginezo. Barakoa inaandikwa mara moja kwa tukio, hairudiwi kwenye kila sampuli. Hali ya kichakataji, kama kilikuwa kwenye kerneli au kwenye programu, imefichwa kwenye zile alama za kichwa, kwa hiyo haikugharimu baiti ya ziada. Ukiomba anwani, mchakato na uzi, muda, na kiini, unapata zile baiti 40 nilizozitumia kwenye hesabu ya juu.

*Muda ndani ya kikatizo.* Kwa sehemu za msingi ni mdogo: ukubwa unakokotolewa kwanza, nafasi inatengwa, kila biti inaulizwa, sehemu inaandikwa. Gharama ya kweli ni msururu wa miito. Kuufuata kwa pointa ya fremu, anwani inayotoka fremu moja kwenda ya aliyeiita, ni kusoma kumbukumbu hatua kwa hatua, na hatua zikiwa 30 unaweza kuikosa kashe mara 30. Tena inategemea programu iwe imejengwa na pointa hizo, jambo ambalo usambazaji mwingi wa Linux uliliacha kwa miaka mingi. Fedora ilizirudisha kwa vifurushi vyake kuanzia toleo 38, mwaka 2023. Pointa zikikosekana, perf inaweza kunakili kipande cha staki ya programu, baiti 8,192 usipoipangia vingine, na kuacha ufafanuzi kwa baadaye.

*Baiti.* Hapa ndipo watu hujikuta wamekwama bila kujua. Sampuli ya baiti 40 ikiongezwa msururu wa fremu 30 inakuwa baiti 288, na mashine yetu inaandika MB 1.8 kwa sekunde. Washa unakili wa staki, inakuwa zaidi ya MB 50 kwa sekunde. Amri imebadilika neno moja, mzigo umepanda karibu mara 30. perf inaweza kubana data kwa Zstd, mbinu ya ubanaji, inapoihifadhi, ila ubanaji hufanyika baada ya data kupita kwenye bafa, kwa hiyo bafa lenyewe halipumziki.

*Rekodi ikipotea.* Inakwenda peke yake, na perf huacha rekodi maalumu inayosema ni ngapi zimepotea. Hilo la kuhesabu hasara ningelishikilia katika muundo wowote. Faili likiharibika, hata hivyo, ukubwa mmoja ukisomeka vibaya unapoteza mwanzo wa kila rekodi inayofuata, na hakuna kizidisho cha 32 cha kukuokoa.

*Maswali ya kesho.* Mapana kuliko yote. Una mpangilio wa wakati, nyuzi, miito yote.

*Muundo ukibadilika.* Kwa sehemu kubwa vizuri: msomaji asiyeijua aina ya rekodi anatazama ukubwa na kuiruka. Lakini kuna funzo humo ambalo kila mbunifu angelijua kabla ya kuanza. Faili moja likiwa na matukio mawili yenye barakoa tofauti, msomaji anahitaji kujua sampuli ni ya tukio gani ili ajue barakoa ipi aitumie. Namba ya tukio nayo ilikuwa ndani ya sampuli, mahali panapotegemea barakoa. Kuku na yai. Baadaye iliongezwa biti nyingine inayoweka namba hiyo mwanzoni kabisa mwa sampuli, mahali pasipohama. Ukibuni muundo wa aina hii, kitambulisho kije kwanza, kabla ya chochote cha hiari.

*Anayefaidika.* Anayechunguza tatizo asilolijua bado, kwa muda wa dakika si siku. Pia timu yenye zana nyingi zinazosoma faili moja.

3. Rekodi ya tofauti

Badala ya kuandika thamani kamili, unaandika ilivyosogea tangu ya mwisho. Mfano safi kabisa ni bafa la ftrace, zana ya kufuatilia matukio ndani ya Linux: kichwa cha tukio ni biti 32 tu, 5 za aina na urefu, 27 za tofauti ya muda. Biti 27 za nanosekunde ni takriban milisekunde 134. Pengo likizidi hapo, inaandikwa rekodi ya kurefusha muda kwanza. Kwa sampuli 99 kwa sekunde pengo ni kama milisekunde 10, linaenea. Kiini kikilala, halienei, na ile rekodi ya kurefusha inafanya kazi yake.

OProfile, kipima utendaji cha zamani ambacho sehemu yake ya kerneli iliondolewa Linux toleo 5.12 mwaka 2021, ilikuwa na tofauti ya namna nyingine: tofauti ya hali. Sampuli ilikuwa maneno mawili tu, anwani na tukio. Mchakato ulipobadilika, au kichakataji kilipovuka kati ya programu na kerneli, iliandikwa alama ya kutoroka kuashiria hali mpya, na sampuli zote zilizofuata zilirithi hali hiyo.

*Muda ndani ya kikatizo.* Unatoa namba moja kwa nyingine na kukumbuka ya mwisho kwa kila kiini. Rahisi, hadi NMI inapomkatiza mwandishi mwingine wa bafa lilelile katikati ya hesabu yake. Hapo "ya mwisho" ni ipi? Jibu sahihi lipo, ila si mistari mitatu ya msimbo.

*Baiti.* Muda unabanika sana. Anwani, si kama watu wanavyodhani. Sampuli mbili za jirani hutokea kwenye maktaba tofauti, au moja kwenye kerneli nyingine kwenye programu, na tofauti yake ni namba kubwa vilevile. Ukitumia uandishi wa urefu unaobadilika, ambapo kila baiti hubeba biti 7 za namba, anwani ya kerneli kwenye vichakataji vya x86-64 yenye biti za juu zote moja itakula baiti 10. Umebana 8 zikawa 10! Geuza anwani kuwa umbali kutoka mwanzo wa maktaba yake kabla hujaibana, na fanya hivyo nje ya kikatizo. Vivyo hivyo kwa miito: sampuli zinazofuatana hushiriki fremu nyingi za nje, na kuandika "fremu 22 za nje ni zilezile" kunaokoa mengi, lakini kulinganisha fremu ndani ya NMI ni kuhamisha mzigo mahali ghali zaidi.

*Rekodi ikipotea.* Inaburuta wenzake. Niliwahi kutumia siku mbili nikimtafuta mchakato uliokuwa ukila muda kila usiku, kwa data ya kipimaji nilichokiandika mwenyewe. Mchakato haukuwa na hatia. Alama ya kubadilisha hali ilikuwa imedondoka bafa lilipojaa, na sampuli elfu kadhaa za mchakato mwingine zikaandikwa kwa jina lake. Faili lilisomeka vizuri, hakuna onyo. Dawa ni mbili, na zote ni za zamani. ftrace huanza kila ukurasa wa bafa na muda kamili, hivyo kosa haliwezi kuvuka ukurasa. OProfile ilifuta kumbukumbu yake ya hali baada ya bafa kukatika, ili sampuli iliyofuata ilazimike kutangaza hali upya. Bila moja ya dawa hizi, usiichague familia hii.

*Maswali ya kesho.* Mapana kama ya muundo wa pili, ilimradi faili ni zima.

*Muundo ukibadilika.* Vigumu kiasi, kwani biti zote zimeshagawanywa. Acha angalau aina moja isiyotumika.

*Anayefaidika.* Mwenye matukio mengi sana kwa sekunde na kumbukumbu kidogo, na mwenye subira ya kuandika majaribio ya upotevu kabla ya kuandika kitu kingine chochote.

4. Kuhesabu palepale

Wazo ni la kale. Wito wa profil wa Unix ulikuwa safu ya vihesabio: kila kipande cha msimbo na kihesabio chake, sampuli ikija, ongeza moja. Mwaka 1997 DCPI, kipimaji cha mashine za Alpha za kampuni ya Digital, ilifanya hivyo kwa jedwali la hashi (jedwali ambalo ufunguo hukokotolewa kuwa namba ya ndoo) ndani ya kerneli kwa kila kichakataji, ufunguo ukiwa mchakato, anwani na tukio, na kila ndoo ikiwa na nafasi nne. Ndoo ikijaa, ingizo moja lilitupwa kwenye bafa la kufurikia, ambalo programu ya nje ililisoma. Waliripoti gharama ya asilimia 1 hadi 3, wakipima muda wote. DTrace, zana ya ufuatiliaji, ina majumlisho yake, na eBPF, njia ya kuendesha programu ndogo ndani ya kerneli, tangu Linux 4.6 ya mwaka 2016 ina jedwali la staki: unapata namba ya staki, unaongeza kihesabio.

*Muda ndani ya kikatizo.* Kukokotoa hashi na kugusa ndoo. Kwa anwani moja ni rahisi. Kwa staki nzima, bado unaitembea yote kabla ya kuihesabu. Usiamini anayesema gharama hiyo imepotea.

*Baiti.* Hazitegemei muda, zinategemea utofauti. Staki 20,000 tofauti ni staki 20,000 kwa saa moja au kwa wiki.

*Rekodi ikipotea.* Neno lenyewe linabadilika maana. Hapa hatari ni mgongano. Kwenye jedwali la staki la eBPF, staki mpya ikigonga ndoo yenye mwenyewe unapata kosa na sampuli inaanguka, au, ukiruhusu ndoo itumike tena, staki ya zamani inafutwa na hesabu zake zinabaki chini ya namba ambayo sasa ni ya staki nyingine. La kwanza unaweza kulihesabu. La pili halionekani.

*Maswali ya kesho.* Machache. Wakati umefutika. Mfumo ukiganda sekunde 2 ndani ya dakika, sekunde hizo zimechanganywa na 58 nyingine kama chumvi kwenye maji. Kumwaga jedwali kila sekunde 10 kunasaidia, lakini kadiri unavyomwaga mara nyingi, ndivyo unavyorudi kwenye kuandika rekodi.

*Muundo ukibadilika.* Haileti shida: kinachotoka ni ufunguo na namba.

*Anayefaidika.* Anayepima mashine nyingi, siku zote, kutafuta mwelekeo.

Kwa hali yako

Kama unaanza kabisa na hujui bado utauliza nini, anza na upana mmoja, baiti 32, bila staki. Utakuwa na kitu kinachofanya kazi wiki hii, na makosa yake utayaona kwa macho.

Kama tatizo lako ni ucheleweshaji unaokuja na kuondoka, usihesabu palepale hata kama gharama yake inakuvutia. Unahitaji muda kwenye kila sampuli. Chagua sehemu, zima unakili wa staki mpaka utakapoulazimika, na angalia hesabu ya zilizopotea kabla ya kuangalia kitu kingine.

Kama utapima kundi zima la mashine mwaka mzima, hesabu palepale, na weka kando uwezo wa kuwasha rekodi kamili kwenye mashine moja kwa dakika tano pale hesabu inapoonyesha jambo geni. Wengi ninaowajua walioridhika na kipimaji chao wana mchanganyiko huu.

Kama kumbukumbu ni finyu na matukio yanamiminika, rekodi ya tofauti ni ya kwako, yenye thamani kamili mwanzoni mwa kila ukurasa. Kisha fanya jaribio moja kabla hujamwonyesha mtu yeyote matokeo: futa kurasa chache za faili kwa makusudi, lisome tena, na uangalie kama msomaji wako atagundua.